Namba Mbili kwenye Suruali ya Refa Bakili

Kuna neno limezunguka Kariakoo tangu mwezi wa Ramadhani: kwamba refa Bakili wa mpira wa kikapu amehongwa kilo tano za sukari na timu ya Upanga, kwenye kifurushi alichopewa uwanjani. Nililisikia kwenye foleni ya duka la ushirika, nikalisikia tena bombani, likanikaa moyoni. Mwanangu Benjamini ni kapteni wa timu ya Kariakoo, na sukari yenyewe mwaka huu wa 1982 tunaijua ilivyo adimu.

Saa kumi na nusu jioni, Jumamosi. Uwanja wa saruji hapa Mchafukoge umejaa watu hadi juu ya ukuta. Bakili Nampoto, fundi cherehani wa miaka arobaini na moja, anafika akitokea barazani anaposhonea. Filimbi iko shingoni, vipande vya uzi vimemganda kwenye shati la kijivu.

"Ndugu refa, leo umekunywa chai tamu?" kijana mmoja anapaza sauti kutoka ukutani. Watu wanaangua kicheko.

"Ya chumvi," anajibu Bakili. "Karibu kesho tunywe wote."

Anatania, lakini ana sababu ya kuogopa. Chama cha kikapu cha mkoa kimeshapokea malalamiko mawili juu yake. La tatu likiandikwa, filimbi anairudisha. Na kazi yenyewe haina mshahara, ni nauli na soda tu. Ameifanya miaka tisa, tangu alipokuja kutoka Masasi.

"Cherehani ndiyo inanilisha," ananiambia kabla mechi haijaanza. "Lakini mtu nikiwa na filimbi ananitazama usoni. Nikiwa na cherehani anatazama nguo yake."

Na sukari je? namuuliza.

"Mama Benjamini, kile kifurushi kilikuwa fulana kumi na mbili. Upanga walitaka niwashonee namba. Kosa langu ni kukipokea uwanjani, mechi imeisha, watu wanaangalia. Ningewaambia wanifuate barazani."

Nilimsikiliza, ila sikusema nimeamini.

Mechi inakwenda mpaka zinabaki sekunde chache, Upanga 52, Kariakoo 51. Mpira unagonga chuma na kurudi. Benjamini na kijana wa Upanga, Sadalla, wanaurukia pamoja, wanaanguka wote wawili. Filimbi inalia.

Huku wanadai mitupo ya adhabu, kule wanadai mitupo. Bakili anatoa chaki ya kushonea mfukoni, anaandika 7 kwenye paja la suruali yake nyeusi. Saba ni namba ya Benjamini. Kisha anamfuata refa mwenzake, Eliakimu, aliyekuwa upande wa pili, na wote wawili wanawapa watu mgongo.

"Anza wewe. Umeona nini?" Bakili anamuuliza, kama alivyonisimulia mwenyewe.

"Kumi na moja kapiga kiwiko."

"Kabla ya filimbi au baada?"

"Kabla. Walikuwa bado hewani."

"Mimi nimeona saba anasukuma. Hewani vilevile."

Anaandika 11, namba ya Sadalla, pembeni ya 7.

"Zamani nilikuwa naadhibu yule niliyemwona tu," aliniambia baadaye. "Siku moja nikamtoa mtoto wa watu aliyelipiza, kumbe mwenzake ndiye aliyeanza, na mimi sikumwona. Sasa naandika kwanza, makelele yasije yakanigeuza. Halafu namwacha mwenzangu aseme kabla hajajua nilichoandika."

Hukumu inatoka: kosa la pande mbili. Kila mmoja anaandikiwa faulo, hakuna anayepewa mitupo, mpira unarushwa juu ugombaniwe. Ila kwa Benjamini hiyo ni faulo ya tano, ya mwisho. Anatoka nje, mwenzake anaruka badala yake, na Kariakoo wanafungwa kwa pointi moja.

Mezani, Candida anayeandika pointi anamsogezea Benjamini karatasi ya mechi. Kapteni akiweka saini kwenye nafasi ya malalamiko, hilo ndilo lalamiko la tatu.

"Saini! Saini, kapteni!" watu wanapiga kelele. "Tumeibiwa!"

Bakili amesimama pembeni, mikono nyuma, haombi kitu.

Benjamini anaishika kalamu, ananigeukia. "Mama, nilimsukuma," anasema. "Na yeye akanipiga. Yote kweli." Anairudisha kalamu kwa Candida.

Wengine wakamzomea mwanangu mpaka tunafika barabarani.

Bakili bado ana filimbi. Desemba atafanya mtihani wa daraja la juu la waamuzi, na akifaulu anataka kuwafundisha wasichana wa shule kuchezesha. Wanne wameshajiandikisha. "Mmoja ana jicho kali kuliko mimi," anasema.

Wazazi wenzangu, yaacheni haya:

Kulalamikia mechi ambayo hukuiona kwa macho yako.

Kumwambia mtoto alipize. Marefa ni wawili, asichokiona mmoja anakiona mwenzake.

Kumfundisha kujiangusha ili apewe mitupo.

Kumpa refa kitu chochote uwanjani, hata kama ni kazi ya halali.

Kuvuka mstari wa uwanja, hata kama aliyeanguka ni wako.