Siku Niliyosema "Merci"

Jirani anapasua mbao za mkaratusi leo, na harufu yake imenirudisha kwenye darasa la watoto wadogo, kwetu Masisi. Lilijengwa kwa mbao kama hizo, zikiwa bado mbichi, na utomvu ulinata viganjani mwetu.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza. Njia nzima Mama alinifundisha namna ya kuomba ruhusa kwa Kifaransa nikishikwa na mkojo. Nilipobanwa kweli, nikasimama, na maneno yote yakapotea. Mwalimu, mama mnene wa kitenge cha njano, akaniinamia.

"Unataka nini, mutoto wangu?"

Nikabana magoti. Neno moja tu la Kifaransa lilinijia, lile la kushukuru.

"Merci!" nikapiga kelele, nikatoka mbio.

Nyuma yangu darasa zima likaitika "Merci!" na miguu mitupu ikanifuata juu ya majani yenye umande. Tulifika chooni kundi zima, mimi wa kwanza.

Niliporudi nilidhani nitachapwa. Mwalimu akagusa suruali yangu, akaikuta kavu, akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Mumupigie makofi! Huyu iko mukubwa sasa!"

Saa sita Mama alikuja kunichukua akitoka shamba la maharage, jembe begani. Akaninyooshea mkono.

"Mama, kesho usinilete. Njia naijua."

Aliurudisha mkono kwenye mpini wa jembe, akaniacha nitangulie kuteremka kilima, nami sikugeuka nyuma hata mara moja.