Nilivyomshtaki Kaka Yangu

Jina la mtoto wa kaka yangu nililiandika mwenyewe kwenye orodha ya watoro, nikaipeleka kwa mtendaji wa kata. Alikuwa darasa la tatu katika shule ya huku Bukima ambako mimi ni mwalimu mkuu, na kwa wiki saba hakuonekana darasani.

Nilijua alipo. Alikuwa kwao, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka shuleni, akimtunza mama yetu. Mama alikuwa amepofuka macho yote mawili na miguu ilishaanza kumkatalia. Kaka alikuwa mvuvi wa dagaa kwenye kambi za visiwani, anarudi nyumbani siku za mbalamwezi tu, dagaa wasipovulika. Wifi yangu alishinda mwaloni, huko ufukweni mitumbwi inakoshushia, akianika dagaa wa watu. Aliyebaki nyumbani ni mtoto wa miaka tisa. Ndiye aliyempikia bibi yake uji, akamshika mkono kumpeleka chooni.

Kabla ya kuandika lile jina nilikwenda kwao. Nilimkuta kaka uani anashona wavu.

"Kaka, kusoma ni haki ya huyu mtoto," nilimwambia. "Siku hizi ada hakuna. Asipokuja shule, sheria inakukamata wewe mzazi."

"Na mama anabakiaga na nani?"

"Tutatafuta mtu."

"Mtu nani? Wewe utakuja kukaa naye?"

Nikamjibu kwamba nyumba yangu ya shuleni ni chumba kimoja, na mama peke yake humo mchana kutwa ataumia. Tusubiri shule zifungwe, nitajipanga. Kaka aliendelea na wavu wake mpaka nikaaga.

Ningeweza kuliacha lile jina. Lakini mwezi huohuo nilikuwa nimewaandika wazazi wengine, na mmoja wao alinisimamisha njiani mbele ya watu akaniuliza mbona mtoto wa kwetu hayumo. Niliona aibu. Nikaandika.

Mgambo walimchukua kaka asubuhi, siku ya pili tangu arudi kutoka kambini. Kesi ikasikilizwa mahakama ya mwanzo, Musoma. Nilikwenda na rejista ya mahudhurio kwapani, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa shahidi.

"Mshtakiwa unamfahamu?" hakimu aliniuliza.

"Ni kaka yangu, mheshimiwa. Tumbo moja."

Mmoja wa wazee wa baraza waliokaa na hakimu aliinua uso akanitazama, kisha akautazama ukuta.

Kaka alipoulizwa kama ana la kusema, alisimama akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kosa nakubali. Ila mimi nilitolewaga shule darasa la tano nikaenda kuvua, ili huyu dada yangu aendelee. Baba hakuweza ada ya wawili. Nilikuwa napenda shule, mheshimiwa. Mbona mimi hakuna aliyekuja kuniulizia?"

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa darasa la tatu alipoacha. Alinipa daftari lake la hesabu lililokuwa na kurasa nyingi bado safi, akaondoka na baba kwenda ziwani. Mwalimu wetu alifuta jina lake kwenye rejista, na darasa likaendelea. Katika miaka yote ya kusoma kwangu, mpaka chuo cha ualimu, sikuwahi kumshukuru kaka kwa maneno.

Hakimu hakumkaripia. Alisema sheria haiwezi kurudi nyuma kumtafuta yeye, lakini mtoto yupo. Akamwachia kwa masharti kwamba Jumatatu mtoto awe darasani, na akikosa tena bila sababu, baba aende jela.

Jumatatu mtoto alikuja, amenyolewa, sare imembana mabegani. Sitaficha, nilifurahi. Nilimwita ofisini nikampa kalamu mbili.

Kwao walifanya walichoweza. Wifi alimwachia mama chakula na maji karibu na kitanda, akafunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni ili aifuate kwa mkono. Wiki ya tatu mvua ilinyesha asubuhi nzima. Mama alitoka ameshika kamba, ikakatika upande wa chooni, akaanguka kwenye tope. Wifi alimkuta alasiri, bado ameloana, sauti imemkauka kwa kuita. Nyonga ilikuwa imevunjika. Tulimpeleka hospitali Musoma, na hakutoka hai. Tulimzika shule zikiwa bado hazijafungwa.

Msibani kaka hakunigombeza. Nilipofika alisimama, akanipa mkono, akasema, "Karibu, mwalimu." Tangu siku hiyo hajaniita dada.

Mtoto yule alimaliza la saba, akafaulu, akapangiwa sekondari ya bweni huko Bunda. Nilimshonea sketi, nikampelekea siku moja kabla ya safari. Baba yake alikuwa kisiwani. Tulikaa wawili tukipanga vitu kwenye sanduku, nikamuuliza kama ana kinyongo na mimi.

"Hapana, shangazi."

Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Siku ile bibi aliniambia nisiende shule. Alisema mvua inakuja, ataogopa. Nikamwambia nisipoenda baba atafungwa. Akasema basi nenda, mjukuu wangu, nenda haraka."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, shangazi."

Nilitaka kumwambia kwamba kosa halikuwa lake. Nililisema, lakini kwa sauti ile ninayosemea na watoto darasani, na yeye akaitika kama watoto wanavyoitikia darasani, "Ndiyo, mwalimu." Kisha akafunga sanduku na kwenda kumsaidia mama yake kuanua dagaa.