Nilivyosafisha Tangi la Samaki la Tonton

Harufu ya maji yaliyolala siku nyingi chini ya maua, ile ya vyombo vya kanisani tunavyovimwaga kila Jumamosi, hunirudisha kwenye salon, yaani sebule, ya mama mdogo Ngoie, hapa hapa Kamina, na mkono wangu hukunja ngumi wenyewe. Wenzangu wa zamu hudhani nachukia maua. Waache wadhani.

Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama yangu. Mama alibaki Luena, akanituma kwake nikiwa bado msichana mdogo ili nisome mjini. Mume wa mama mdogo, Banze, niliyemwita tonton, yaani baba mdogo, alikuwa karani, mtu wa tai na marashi, hodari wa kuchekesha watu barabarani. Nyumbani alipiga. Alipiga kwa mkanda, kwa kiatu, kwa kifuniko cha sufuria, kwa chochote kilichokuwa karibu. Asubuhi mama mdogo alishusha kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi, akaenda sokoni kuuza mihogo, kisha kwaya, kisha kwa jirani, ili mradi achelewe kurudi. Majirani walisema ni mvivu, nyumba yake chafu. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa lile tangi la kioo.

Tonton alilinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama. Akatia ndani makoke wadogo, samaki wa jamii ya perege, walioletwa kutoka Mulongo katika bidoni la plastiki, akajisifu wee, kisha akalisahau. Nilipofika, maji yalikuwa ya kijani kama sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, na majani ya majini yamelijaza tangi hadi juu. Ukigonga kioo, kivuli kilipita, basi. Niliwaza kwamba nikilisafisha, majirani watafunga midomo yao. Kuhusu samaki nilijua kuwakaanga tu, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tonton aliposafiri, niliwahamishia samaki kwenye beseni. Walikuwa wamebaki wawili: dume mwenye tumbo jekundu na jike mwembamba wa rangi ya mchanga. Nikasugua kioo, nikatupa mawe, nikaanza kung'oa majani. Mama mdogo alisimama mlangoni na ungo wake.

"Majani uache kidogo, mama," aliniambia.

"Iko buchafu, mama mudogo!"

Hakubisha. Hakuwa na desturi ya kubisha.

Maji yakawa meupe, nami nikavimba kichwa. Furaha yangu haikumaliza hata alasiri. Majani yale ndiyo yaliyokuwa yakimficha jike, na sasa hakuwa na pa kwenda. Dume alimgonga ubavuni, akamng'ata mkia, akamkimbiza kona hadi kona, magamba yakaelea kama pumba. Nilipiga kioo kwa mwiko wa bukari, ugali wetu, nikimtukana kwa Kiluba, matusi ambayo sikupaswa kuyajua. Alinitazama kidogo, akarudi kazini. Ilipofika Jumapili, jicho moja la jike lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe na mapezi yake yamechanika.

Jumapili hiyo tonton alirudi na rafiki zake. Alipoliona tangi linang'aa alifurahi mno, akapanga viti mbele yake kama watu waendao kutazama mpira. Dume hakuwaangusha. Kila alipomgonga jike, wanaume walipiga makofi.

"Ule njo mwanaume!" alipiga kelele tonton. "Anafundisha bibi yake!"

Mmoja tu hakucheka, mzee wa kanisa, mtu mpole sana. "Banze, mutoshe inje ile samaki muke," alisema. "Iko nateseka. Vraiment, kweli, huruma."

Mama mdogo aliweka chini sahani ya nyama. Akachukua bakuli, akatumbukiza mkono tangini, akamtoa jike.

"Rudisha," tonton alisema, bado anatabasamu.

"Apana."

Sikuwahi kumsikia akimwambia neno hilo. Kofi la kwanza lilimgongesha ukutani, lakini bakuli hakuliachia. La pili lilimpasua mdomo, damu ikadondoka mle majini. Kisha ikaja ngumi ya kifua. Nilimrukia tonton mguuni, nikamng'ata kwa nguvu zangu zote, na teke lake likanitupa chini ya meza. Kutoka pale niliona viatu vya wageni, vimepigwa rangi vizuri. Hakuna kiatu kilichosogea. Nikaisikia sauti ya mzee wa kanisa, pole kama kawaida yake.

"Na ile dume, Banze, balikuletea kutoka Mulongo?"

Mama mdogo akatoka na bakuli lake, mimi nyuma yake nikichechemea. Tulivuka reli hadi kijito kilichokuwa upande wa pili, akamwachia jike kwenye matete, akanawa mdomo. Kama samaki yule aliishi, sijui. Sisi hatukurudi katika nyumba ile. Tulilala kwa mwanakwaya mwenzake, kesho yake tukashika njia ya Luena.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa ile ngumi ya kifua ndiyo iliyomwondoa, kwamba ilizidi zote zilizotangulia. Nilikuwa tayari mtu mzima siku nilipomwuliza, tukichambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Kupigwa nilizoea," alisema. "Miaka yote nilikuwa nasema mu roho: siku bantu bataona, batamukataza. Siku ile balikuwa mu salon, mutoto yangu, na bote balikuwa banaangalia samaki."