Kontroo Eichi ya Mama Nelly

Mama Nelly, jina lake la ubatizo Paskazia, anachapa kwenye steshenari hapa Runzewe, mlango unaopakana na cherehani yangu. Kipanya cha kompyuta yake kilikufa siku nyingi kwa vumbi la malori, naye hakukililia. Anasema mkono ukiondoka kwenye vitufe, akili nayo inaondoka. Kunakili ni Kontroo Sii, kubandika ni Kontroo Vii, kurudisha ulichoharibu ni Kontroo Zedi, na vidole vyake vinakwenda kama vya mtu anayechambua mchele. Alijifunzia Kahama, kwa mkandarasi mmoja wa mgodi wa Buzwagi. Mgodi ulipofungwa akarudi nyumbani na ujuzi huo tu. Nampenda kama ndugu yangu, lakini ana haraka, na haraka yake imeshanitoa jasho.

Asubuhi moja aliingia mzee Masele, ameshika simu kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa amefariki, na maziko yalikuwa mchana uleule kijijini. Kijana wao aliyeko Mwanza alikuwa ameandika wasifu wa marehemu na kuutuma kwenye simu ile.

"Shikamoo baba. Pole sana na msiba," Mama Nelly alisema.

"Marahaba. Nimeshapoa. Ila jina hili si lake." Mzee alionyesha kwa kidole. "Ameandika Mwasi Mwigulu. Mke wangu ni Ng'wasi. Baba yake Ng'wigulu. Ng'walimu wa shule ndiye alianza kumwandika Mwasi, hospitali wakafuata, kanisani wakafuata. Alipokuwa hai alicheka tu. Leo sitaki. Nikimzika Mwasi, Ng'wasi nitakuwa nimempeleka wapi?"

Niliacha kukanyaga cherehani. Mimi ni Msukuma. Hiyo ng' ya ng'ombe tumezaliwa nayo, lakini tukishika kalamu tunaionea haya. Roho iliniuma.

Mama Nelly alihamishia wasifu kwenye kompyuta. Majina yale yalikuwa yametapakaa ukurasa mzima, na nje gari la wafiwa lilikuwa linapiga honi.

"Usiwaze, baba," alisema, akabonyeza Kontroo Eichi, ile ya kutafuta neno na kuweka jingine mahali pake. Ili ayakamate majina yote mawili kwa mpigo, hakuandika jina zima. Alitafuta "mw" tu, akaweka "ng'w", akaamuru zibadilishwe zote. Hapo ndipo alipoharibu, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimsifu.

Alimwonyesha mzee mstari wa kwanza. Mzee akausoma kwa midomo, polepole, kisha machozi yakamtoka. Nani angeendelea kusoma mengine? Kontroo Pii, nakala zikatoka, tukafunga milango yetu tukapanda gari pamoja nao.

Makaburini alisimama katekista Pantaleo, Msumbwa wa Ushirombo, mtu asiyeongeza wala kupunguza neno lililoandikwa.

"Marehemu Ng'wasi Ng'wigulu," alianza, na mzee Masele akainua kichwa. "Alikuwa ng'wanamke ng'wema."

Watu wakatazamana.

"Hakuugua muda ng'wingi. Ng'waka huu, ng'wanzoni…"

Nyuma yangu mtu alikohoa ili ameze kicheko. Mama Nelly alinibana mkono hadi kucha zikaniingia. "Apolonia, nimeharibu," alininong'oneza. Nilitamani ardhi ipasuke itumeze sote wawili. Pantaleo naye jasho lilimtiririka, lakini karatasi ilisema hivyo, akaendelea mpaka kwenye sala.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana, na ng'wanga wa milele ung'wangazie."

Kisha bibi mmoja wa mbele akaitikia, "Apumzike kwa amani," na wengine wakamfuata. Bila kucheka hata mmoja.

Baada ya maziko Mama Nelly alikwenda akapiga magoti mbele ya mzee.

"Nisamehe baba. Nilitaka kurekebisha majina, nikavuruga maneno yote. Faili sijalifunga. Nikifika dukani nabonyeza Kontroo Zedi mara moja, kila kitu kinarudi kama kilivyokuja, halafu naanza upya."

"Na yeye atarudi kuwa Mwasi?"

"Kwanza ndiyo baba, kisha nitam…"

"Basi acha." Mzee alikuwa ameikunja nakala yake hadi ikawa ndogo kabisa, ameishika kifuani. "Kiswahili chake ndicho kilikuwa hicho. Wanae walikuwa wanamsahihisha kila siku mpaka akawa ananyamaza mbele za watu. Leo nimemsikia anaongea, hakuna aliyemkatisha."

Mimi nililia waziwazi, sikujificha.

Mzee akamshika mkono, akamwinua. "Wabeja," akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana, ng'wanangu."