Sahani ya Kyalo

Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku niliyomlazimisha ndugu yangu kula.

Kyalo ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Wakati huo alikuwa kibarua katika kituo cha utafiti wa kilimo kule Kiboko, nami nilikuwa mwalimu kijana hapa Migwani. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa tulichinja mbuzi, tukaita watu wa ukoo na wa kanisa. Kyalo akaja amekonda, mkanda wake umetobolewa matundu mapya matatu. Watu wakanong'ona. Miaka ile kijana akikonda hivyo, wote waliwaza UKIMWI. Hata mimi niliwaza hivyo, nikamwambia mke wangu, Ndunge, aweke kando kikombe cha Kyalo. Jambo hilo linaniaibisha, lakini ni lazima nikuambie.

Kyalo alikuwa akiisogezasogeza nyama kwenye sahani bila kuila. Nikaona ananidharau mbele ya wageni. Nikamwongezea muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, nikamwongezea na nyama, kisha nikasema wote wasikie, "Leo huinuki hapa mpaka iishe. Mwanamume gani anadonoa kama kuku?"

Watu wakacheka. Kyalo akala yote, haraka, bila kuinua macho, halafu akaenda chooni. Alipokawia nilimfuata, nikamkuta ameanguka karibu na tangi la maji, shati limelowa matapishi. Nilimbeba peke yangu hadi kwenye gari la jirani. Alikuwa mwepesi sana.

Hospitalini walimpima kila kitu. UKIMWI haukuwepo. Daktari, mama mmoja mpole, akanieleza kwamba mtu anaweza kuuogopa mwili wake mwenyewe hadi akajinyima chakula, au akala kisha akajitapisha. Alisema huo ni ugonjwa kamili, na wanaume nao huupata. Sikumwamini. Nje kwenye benchi alikuwa ameketi mjomba wetu, Musyoka. Nikamwambia, "Hana ugonjwa huyu. Ni kiburi tu."

Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi. "Tangu aje unamsemesha habari ya chakula," akasema. "Umemwuliza hata mara moja ana shida gani?"

"Hapana, mjomba."

"Basi ingia umwulize. Na ukishauliza, nyamaza."

Nikaingia, nikauliza, nikanyamaza. Kyalo akaniambia kwamba ilianza shuleni, alipokuwa mnene na wavulana wakimwita Pipa. Jina hilo nilimpa mimi. Nadhani aliona uso wangu ulivyobadilika, maana aliongeza, "Si jina tu, kaka. Kuna mengine mengi. Lakini kila nikishiba, nalisikia."

Nilimwomba msamaha. Akasema sawa, akageukia ukutani.

Alipewa ruhusa kazini, akakaa kwetu miezi minne. Daktari alituambia tule pamoja naye, kidogokidogo, mara kwa mara, na tusiutaje mwili wake hata kwa kuusifu. Baada ya kula Ndunge alileta mbaazi za kupukuchua, tukaketi sote watatu tukipukuchua hadi saa nzima ipite, asiende kutapika. Tuliongea habari za mvua, za kanisa, za mbuzi wa jirani anayeruka ua. Waombaji wa kanisa walikuja, tukawakaribisha. Mmoja alipotaka kumkemea pepo, Ndunge alimwambia kwa heshima, "Ombea tu, baba. Na kliniki ataenda."

Hakupona kama mtu anavyopona homa. Mara mbili nilimkuta ametapika, naye akanidanganya. Mara ya kwanza nilifoka, akaacha kula siku mbili. Mara ya pili nilimpa maji ya kusukutua, nikakaa chini kando yake. Siku hiyo aliomba mwenyewe apelekwe kliniki mapema.

Sasa anaishi upande wa Makueni na mkewe, na ana wajukuu. Wiki mbaya bado zipo. Zikija hunipigia simu: "Kaka, wiki hii chakula kinanishinda." Mimi huenda, tukanywa uji pamoja, basi.

Kwa hiyo, mwanangu, usimtanie mtu kwa umbo lake, hata kama anacheka pamoja nanyi. Ukimwona mwanamume anakimbia chakula, au anakula kwa kujificha, usimpime uanaume wake kwa sahani. Mwulize ana shida gani, umsikilize, umsindikize hospitali, na ukae naye baada ya kula. Akirudi nyuma usimfokee. Nimejaribu hilo, halisaidii. Na kama mwenye shida ni wewe, mwambie mtu mmoja leo. Hujapungukiwa na chochote kwa kuugua.

Mungu akupe amani na mwili aliokupa, na popote utakapoketi kula, usikose mtu wa kuketi nawe.