Mpima Damu wa Wakimbiaji

Kabla ya kutoboa sikio la mkimbiaji, mpima damu hulisugua kwa vidole viwili mpaka lipate joto, kisha husema kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu," hata kwa bingwa mwenye ndevu. Leo, kwenye mashine yake ndogo, tone la damu la binti wa mbio ndefu limeonyesha mwili uliochoka mpaka kwenye mifupa. Fainali ni Jumamosi. "Mama, sema niko fiti," binti akanong'ona. "Nyumbani wameshashona sare za kunipokea." Kocha akacheka: "Hiyo mashine yako nayo, uoga mtupu!" Akaikunja karatasi ya majibu bila kuisoma, akaitia mfukoni pamoja na ya wiki iliyopita. "Mzunguko mwingine!" Binti akachomoka. Mpima damu, asiyejua kupaza sauti, akapiga ukelele: "Simama, utajiua!" Kocha akabonyeza saa yake, akaanza kuhesabu muda.