Hereni za Isale

Mimi ni mtu wa kununua kitu kwanza, halafu ndipo nakitafutia kazi. Ndivyo nilivyopata mashine ya kukatia: kidude cha ukubwa wa jiko la kuokea keki, unakiunganisha na simu, unachora umbo unalotaka, nacho kinalikata kwa kisu kidogo kama ncha ya sindano. Niliiona kwenye video ya dada mmoja aliyekata hereni za ngozi huku akitabasamu mwanzo hadi mwisho. Hakuonyesha ngozi ikijikunja, wala umeme ukikatika hereni ikiwa imefika nusu. Yule dada ni mwongo na sijamsamehe.

Nyumbani kwangu Kimandolu, meza ya chakula ikageuka karakana, tukawa tunakula sahani zikiwa mapajani. Fundi viatu wa mtaani aliniwekea vipande vya ngozi nyembamba, nami nikavibandika kwenye mkeka wa gundi wa ile mashine, mkeka ambao ulishika ngozi kidogo na manyoya ya paka wangu sana. Hereni zangu za kwanza zilikuwa punje za kahawa, maana nilitaka kitu cha kwetu, cha mlimani. Mdogo wangu wa kike alizivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Dada, hawa mende umewatoa wapi?"

Huyo mdogo wangu ndiye aliyekuwa anaolewa. Sendofu yake, yaani sherehe ya upande wetu ya kumuaga, ilikuwa imekaribia, na mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimeahidi kwamba mashangazi na mama zetu wote watavaa hereni za sare kutoka mkononi mwangu. Lakini mende hawakuwa tatizo letu kubwa. Tatizo letu kubwa lilikuwa mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada yake mama, anakaa kwenye nyumba ya babu kule Nkoaranga, na alikuwa hasemezani na mama mwaka wa tatu huo. Chanzo ni ubatizo wa mwanangu. Mama mkubwa alipika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ukashika chini. Mama akapita meza hadi meza akiwaambia wageni, "Poleni jamani, umepikwa na dada yangu." Alipogeuka, dada yake alikuwa nyuma yake na jagi la maji. Mama mkubwa aliliweka lile jagi chini taratibu, akachukua mkoba wake, akaondoka kurudi mlimani bila kuaga.

Mama hakukubali kosa hata siku moja. "Niliwapa wageni pole," alikuwa akisema. "Siku hizi kumpa mtu pole ni dhambi?"

Sasa mdogo wangu alisoma shule ya msingi yote akiwa anakaa kwa mama mkubwa. Ndiye aliyemsuka, ndiye aliyemkalia macho alipougua. Akatuambia wazi, "Mama mkubwa asipokuja, mimi sitoki chumbani. Mtaagana wenyewe." Nilidhani ni deko za bibi harusi mpaka nilipomsikia bafuni analia kwa kwikwi, bomba amelifungulia ili tusisikie. Nikasema kadi naipeleka mimi.

Kadi peke yake niliiona nyepesi. Nikataka kubeba na zawadi, hereni za kwanza kabisa kati ya zile za sare, na kwa kuwa kahawa ilikuwa imenikataa, nikawaza majani. Likanijia jani la isale, lile lililozunguka shamba la babu kama uzio: refu, jembamba, lenye ncha, zuri kuning'inia. Mimi niliona hereni tu. Ni kweli nilishawahi kuwasikia wazee wakilitajataja, lakini mtoto wa mjini mambo hayo huyasikia akiwa anatafuta chaja. Mashine ikakata vizuri mara ya kwanza, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi. Nikapaka rangi ya kijani, nikatia vikulabu, nikazifunga kwenye karatasi laini.

Kesho yake nilifika Nkoaranga nikitweta, viatu vimejaa udongo wa njia ya kupanda mlimani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona umekonda? Au mama yako ndiye anayewapikia siku hizi?"

Kadi aliipokea akaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Nikamkabidhi kile kifurushi kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa. Akakifungua. Akainua moja kuelekea dirishani.

"Zimetoka kwa nani hizi?"

"Zimetoka nyumbani, mama mkubwa."

"Kwa mama yako?"

Uso wake ulikuwa umelegea ghafla, sikuwa nimeuona hivyo kwa miaka mitatu. Nikasema, "Ndiyo." Uongo mdogo tu, wa adabu.

Akakaa chini. "Ameniletea isale," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka walichokuwa wakisema wale wazee. Kwetu, mtu aliyekukosea akikutumia isale, amekuomba msamaha, na wewe huwezi kukataa. Ugomvi wa mipaka umeishia kwenye jani hilo, na hata ugomvi wa damu. Mama yangu alikuwa ameomba radhi bila yeye mwenyewe kuwa na habari, tena kwa ngozi ya kuzibia viatu. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkubwa alilia, akacheka, akazivaa palepale. "Mwambie nimepokea," akasema. "Mwambie nakuja. Na mtori napika mimi."

Nilipitia Engutoto kwa mama siku ya pili, nikiwa nimeshakosa usingizi. Nilimkuta anachambua mchele.

"Nimeomba msamaha?" akauliza. "Mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Lini?"

"Jana, saa tano asubuhi."

"Na nilisemaje?"

"Hukusema kitu. Ulituma hereni."

Akaniambia nirudi nikazichukue. Nikamwambia isale halirudishwi, kana kwamba nilikuwa nalijua hilo tangu tumboni. Akaanza kuninunia mimi. Ugomvi haukuwa umekwisha, ulikuwa umehama tu. Pia alinipiga marufuku kukata majani ya aina yoyote, kwa hiyo mashangazi walivaa mende.

Siku ya sendofu mama alisimama mlangoni mwa ukumbi kupokea wageni. Mama mkubwa akaja, ndoo ya mtori mkononi, isale zinacheza masikioni. Mimi nilijificha nyuma ya keki. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia, nikaona vidole vyake vimelikamata lile pazia. Neno moja tu, "sikutuma," na sherehe ilikuwa imekufa.

"Mdogo wangu," mama mkubwa akamwambia mama, "nimepokea."

Mama akamtazama. Akazitazama zile hereni. Nilisali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali.

"Zimekupendeza," mama akasema.

Mama mkubwa akaweka ndoo chini. Akavua hereni moja, akamvua mama ile ya dhahabu ya sikio la kushoto, akamvika ya ngozi. "Na mimi nilikosa," akasema. "Ule mtori ulikuwa umeungua."

"Kidogo tu, dada."

"Uliungua kabisa."

"Basi, kabisa."

Pazia likafunguka kabla ya wakati wake, mshereheshaji akiwa bado anatafuta kipaza sauti. Mtori wa siku hiyo nao ulikuwa umeshika chini. Mama alikula mabakuli mawili akatangaza kwamba hajawahi kuonja mtori kama ule, na hapo hakusema uongo.

Baadaye nilimwambia mama kwamba ngozi bado ipo, naweza kukata mbili nyingine ili kila mmoja awe na jozi yake. Akanikatalia. Alisema akitaka jozi ataenda kuazima. Na kweli, kila akialikwa harusi hupanda Nkoaranga asubuhi kuazima ile ya pili, hushinda huko kutwa nzima, halafu jioni hurudi na ileile moja.